Mguu mmoja ukivimba katikati ya kemo, mchuaji asiuguse

Mkuu, ghairi safari ya kesho ya kwa mchuaji. Umeandika kwamba mama yako, anayepata kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, huko Moshi kwa ajili ya saratani ya tumbo, amevimba mguu wa kushoto tangu juzi, kwamba jirani amekuhakikishia kuwa huo ni upepo na utatoka ukichuliwa, na kwamba mtasubiri kliniki ya wiki ijayo huku ukiulizia vyakula vya kumwongezea damu na utaratibu wa bima. Nilipofika kwenye habari ya kuchua nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kaka yangu mkubwa kwa mtu wa aina hiyo hapa Arusha, tena nikamlipa kabla hajaanza kazi.

Kaka naye alikuwa na saratani ya tumbo. Alikuwa bado kwenye mizunguko ya mwanzo ya kemo mguu wake wa kulia ulipovimba kuanzia kigimbini, ukawa wa moto, ngozi ikavutika na kung'aa. Wa kushoto ulikuwa wa kawaida kabisa, na hilo peke yake lilipaswa kunishtua, kwa kuwa uvimbe unaotokana na moyo, figo au upungufu wa protini kwa kawaida huijaza miguu yote miwili. Muuza duka la dawa alitupa diklofenaki, dawa ya maumivu, akisema ni misuli. Mchuaji yeye aliupaka mafuta ya kondoo, akaubinya kutoka kifundoni kwenda juu kwa nguvu ambazo hata mzima angepiga kelele, na kila kaka alipoguna alituambia kwamba huo ndio upepo unaotoka.

Usiku ule kaka alianza kuhema kama mtu anayekimbia kwenda kilele cha Kibo, kifua kikimchoma kila alipovuta pumzi. Hospitali walitueleza kwamba damu iliganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande cha bonge hilo kilikatika, kikapita kwenye moyo na kuziba mshipa wa pafu. Daktari hakutaka kuapa kwamba ni mchuaji aliyelikata, maana mabonge hukatika hata yenyewe, lakini uso wake nilipomtajia mafuta ya kondoo sihitaji kuueleza. Kaka alilazwa kwa oksijeni, kemo ikaahirishwa, na kwa miezi kadhaa tukawa tunanunua sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, ambazo gharama yake iliifanya ile ya altrasaundi tuliyoikwepa ionekane kuwa hela ya vocha. Mchuaji nilipompigia simu aliniambia kwamba nilimwondoa mgonjwa kabla ya dozi kukamilika, na kwamba nikimrudisha atanipunguzia bei. Ningempa pole kwa kupoteza mteja, ila salio liliniishia, au tuseme nililiacha liishe.

Damu kuganda kwa mgonjwa wa saratani si jambo geni kwa waganga. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilieleza mwaka 1865, na mwaka 1867 damu iliganda kwenye mshipa wake mwenyewe, akatambua kwamba ana saratani. Alifariki mwaka huo huo kwa saratani ya tumbo. Uvimbe wa saratani hutoa vitu vinavyoichochea damu kugandamana, dawa za kemo huumiza kuta za mishipa, na mgonjwa anayetapika na kushinda kitandani hupungukiwa maji huku damu ya miguuni ikienda polepole. Saratani za tumbo na kongosho ni miongoni mwa zinazoongoza kwa hatari hiyo, na miezi ya mwanzo ya kemo ndiyo mibaya zaidi. Mama yako yuko hapo hapo.

Kwa hiyo mguu huo usichuliwe wala usikandwe, na apigwe altrasaundi ya mishipa leo, si siku ya kliniki. Usimpe aspirini ukidhani inatosha, na usimnunulie dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ushauri wa dirishani pa duka la dawa, kwa sababu kemo hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na tumbo lenye saratani huvuja damu kwa urahisi. Aina ya dawa na kiasi chake ataamua daktari baada ya kuona vipimo. Akianza kukosa pumzi ghafla, kuumwa kifua, kuzimia au kukohoa damu, tafuteni gari saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku.

Mkifika mapokezi usiseme kwamba mama anaumwa mguu, kwa maana mtawekwa kwenye benchi pamoja na walioteguka. Sema hivi: "Mgonjwa wa saratani, yuko kwenye kemo, amevimba mguu mmoja, tunaomba aangaliwe kama damu imeganda." Kisha mwonyeshe nesi kadi yake ya kemo.