Maswali Yenu kwa Dada Wakili: Nipo Kigoma, nataka sheria ya teknolojia na miradi mikubwa

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 26, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Nimemaliza digrii ya sheria alafu nikapita Law School, sahivi nasubiri kuapishwa. Ninachotaka ni sheria ya teknolojia na miundombinu, yaani reli, umeme, mkongo, minara, mambo ya data. Kila ninayemuuliza ananiambia hizo kazi zipo Dar kwenye ofisi kubwa zenye wazungu, mwenye kwao Kigoma atabaki na kesi za mirathi na mashamba. Baba anataka nipande treni niende nikatafute huko. Kingine hesabu sikuwahi kuziweza na mambo ya kiufundi siyajui kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, Law School si mchezo, wengi wanakwama pale.

Niseme kwanza mimi nafanyia kazi Tabora mwaka wa kumi na moja sasa, na hilo la kwamba kazi zote zipo Dar nililiamini hata mimi mpaka nilipoona mafaili yanatoka wapi. Hebu angalia ramani. Reli ya zamani ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, sasa ya kisasa nayo inafuata njia hiyo hiyo, kipande cha Tabora mpaka Kigoma cha kilomita 506 mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, na kuna kingine kinachotoka Uvinza kwenda Musongati kule Burundi, kilomita 282. Kwetu Tabora bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, linapita Nzega na Igunga, na kiwanda cha kuyavalisha mabomba kinga ya kutunza joto kipo Sojo, Nzega. Mkataba mkubwa ndio unasainiwa mbali, sikatai. Lakini mgogoro unazaliwa huku huku, kwenye shamba la mtu, na mwanasheria anayejua shamba lile lilipimwaje anatafutwa mpaka anakosa usingizi.

Sasa hilo la mashamba ulilolitaja kama vile ni kazi ya chini, mi naona ndo mlango wako. Reli haipiti hewani. Serikali ikitwaa ardhi fidia yake haiishii kwenye bei ya kiwanja, kuna thamani ya ardhi yenyewe, kuna maendelezo kama nyumba na mazao, alafu kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya malazi na hasara ya faida kwa anayestahili. Fidia ikishaidhinishwa inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita, ikipita hapo inaanza kudai riba, na ikifika miaka miwili haijalipwa ule uthamini umekufa, mtathmini anarudi upya. Mawakili wengi wa ofisi za vioo hawajui kutofautisha mchikichi mchanga na ule unaozaa kwenye fomu ya uthamini, wewe umekulia kwenye mawese unajua, na tofauti hiyo kwa familia moja ya Uvinza inaweza kuwa ndo ada ya watoto. Kwa hiyo chukua Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zote mbili za 1999, na ile ya Uthamini ya 2016, uzisome na kalamu mkononi, kwenye TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, zipo bure.

Nikupe mfano wangu. Mwaka wa pili wa uwakili wangu nililetewa mkataba wa mnara wa simu kwenye kijiji kimoja huku kwetu, mnara umesimama tayari, kodi ya miaka mitatu wanabishana ni ya nani. Nikaomba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Haukuwepo. Kampuni ilisaini na mwenyekiti na mtendaji tu, mkutano mkuu haukukaa, na sheria inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kampuni imeweka pesa nyingi pale juu ya karatasi isiyo na miguu, na wanakijiji nao hawajaona hata senti. Tuliwakalisha, mkutano ukaitwa, tukaanza mkataba upya. Na hapo ndo nilijifunza kitu ambacho darasani hakuna aliyeniambia, kwamba mnara mara nyingi sio wa kampuni ya simu, ni wa kampuni ya minara, na zile za simu zinapanga nafasi juu yake. Nisingejua hilo ningemwandikia barua mtu asiyehusika.

Ndo maana nakwambia, kwenye fani hii ujue kwanza KITU kinavyofanya kazi, sheria yake utaielewa baadaye na itakaa. Hesabu usiziogope, hakuna atakayekupa ukokotoe nguzo. Nenda kakae na mpima ardhi siku nzima juani. Muombe injinia akueleze kwa nini reli hii inataka umeme na umeme ukikatika nani anawajibika kwa nani. Muulize fundi wa mkongo kwa nini waya unafukiwa kwenye hifadhi ya barabara, kibali anaomba TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (za vijijini na mijini), na barabara ikipanuliwa gharama ya kuuhamisha inamwangukia nani (mara nyingi ni mwenye waya, na kibali chenyewe ndo kinasema, ila watu hawakisomi). Watu wa ufundi wanapenda kuulizwa, sijawahi kukutana na injinia aliyenifukuza.

Upande wa mikataba ya ujenzi kuna jina utalisikia kila siku, FIDIC, ni mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inatumika miradi mingi mikubwa. Tafuta kile kitabu chekundu cha 1999, usome kifungu cha 20.1 mpaka ukiote. Kinasema mkandarasi akitaka kudai muda au pesa ya ziada atoe notisi ndani ya siku 28 tangu ajue au alipotakiwa kujua jambo lenyewe, asipotoa haki imeondoka. Nimeona mkandarasi mdogo, kijana wa hapa hapa, mvua imemharibia tuta lote, ana picha, ana mashahidi, kila kitu, mkataba wake uliiga kifungu hicho, na notisi aliipeleka siku ya 40 kwa sababu alikuwa anapiga simu tu akidhani simu inatosha. Aliniletea faili wakati hakuna cha kufanya. Niliumia kweli, mana barua ya kurasa moja ingemwokoa. Hawa wakandarasi wadogo wa Kigoma na Tabora hawana mwanasheria, wanasaini mikataba ya kiingereza ya kurasa 90 wakiwa wamesimama. Uwe wewe. Mahakamani tangu 2021 kiswahili ndo lugha ya sheria lakini mikataba ya miradi bado kiingereza, kwa hiyo mtu anayeweza kumkalisha mkandarasi akamweleza kifungu kwa kifungu kwa lugha yake ana kazi mpaka azeeke.

Teknolojia sasa. Hapa usianze na akili bandia na sarafu za mtandaoni, anza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awe na afisa wa ulinzi wa taarifa. Fikiria pale mjini kwenu ni saccos ngapi, zahanati ngapi, shule binafsi, wakopeshaji, wote wanashika namba za NIDA na picha za watu, wangapi wana huyo afisa? Ongeza ile ya Makosa ya Mtandao na ya Miamala ya Kielektroniki, zote za 2015, alafu mfumo wa NeST ambao zabuni za serikali zinapitia, ujifunze kuutumia kwa vidole vyako mwenyewe.

Kuhusu Dar, baba hajakosea, ofisi kubwa zina mafunzo ambayo huku huyapati. Ila usiende mikono mitupu kupanga foleni na wenzako elfu. Mi ningekaa mwaka mmoja na nusu hapo, niombe kujitolea kitengo cha sheria cha halmashauri mojawapo ambako reli inapita, niwe nachungulia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kila wiki, nishike mafaili ya fidia na mikataba michache ya wakandarasi. Alafu ndo nipande treni. Ukiulizwa kwenye usaili unajua nini kuhusu miundombinu, utakuwa na la kusema ambalo wa Masaki hana.

SWALI: Mwangaluka dada. Mimi nina stashahada ya sheria ya chuo cha mahakama Lushoto tu, nipo Nzega, digrii sina uwezo nayo kwa sasa. Hii miradi inanihusu?

JIBU: Mwangaluka mwanangu. Inakuhusu sana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nenda kwa msajili msaidizi hapo halmashauri yako uulize utaratibu wa kusajiliwa. Hutasimama mahakamani kama wakili na usimdanganye mtu kwamba unaweza, lakini kumsomea mama fomu ya fidia kabla hajaweka dole gumba, kumwambia haya ndo malipo sita ya kuuliza (yale niliyomtajia mwenzako wa Kigoma hapo juu), kumwandikia barua ya malalamiko ikapokelewa na muhuri na tarehe, hiyo ni kazi na makampuni ya miradi yanaajiri pia maafisa uhusiano wa jamii wenye elimu kama yako. Beba daftari, andika tarehe za kila kikao cha kijiji unachohudhuria, na uanze wiki hii.