Majipu, vidonda vya watoto na mguu uliovimba: maswali yenu ya ngozi

Hili joto letu la Mombasa ngozi haipati kupumua jamani, jasho kutwa nguo imeganda mwilini, ndio maana maswali ya wiki hii karibu yote ni vidonda na usaha. Nayajibu hapa kwa pamoja.

*Asalaam aleikum dakta. Mwanangu wa miaka minne ana vidonda chini ya pua vimefanya gaga la manjano, nyanyake asema buibui amemkojolea. Skuli wamemrudisha. Nimpake nini? (Mama, Mishomoroni)*

Waleikum salaam mamangu. Buibui wa watu mwacheni, hana kosa. Kwa ulivyoeleza hiyo yafanana sana na impetigo, ni bakteria, mara nyingi ni stafilokoka au streptokoka, inaanza kilengelenge kidogo kinapasuka, yale maji yakikauka ndio hilo gaga la rangi ya asali. Watoto wadogo ndio yawashika zaidi na inaambukiza kweli kweli, kwa hivyo mwalimu hajamuonea, mtoto akae nyumbani mpaka vikauke au siku mbili zipite tangu aanze dawa. Loweka gaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likilainika litoe taratibu, halafu paka mupirosini, mafuta ya kuua bakteria, mara tatu kwa siku, siku tano. Taulo yake peke yake, kucha kata fupi, na wewe unawe mikono ukishampaka. Vikiwa vimetapakaa mwili au ana homa, kupaka hakutoshi, ataka dawa ya kunywa. Hebu pia mwangalie usiku, kama ajikuna sana katikati ya vidole na kiunoni basi huenda ni upele, ule wa vijidudu vya ngozi, ndio ulianza, na upele mwatibiwa nyumba nzima siku moja, la sivyo ni kazi bure.

Na kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi: wiki kadhaa baadaye, hata vidonda vishapona, akiamka uso umevimba na mkojo umekuwa rangi ya chai ya mkandaa, hiyo ni figo, hospitali siku hiyo hiyo.

*Dakta mambo, mimi ni wa tuktuk Likoni. Kila mara natoka jipu, leo makalioni kesho kwapani. Wazee wasema ni maembe na damu chafu. Nilikamue? (Dereva)*

Usilikamue ndugu yangu, na maembe kula. Maembe huja na msimu wa joto na majipu nayo hupenda joto, ndio watu wakayaunganisha. Jipu ni bakteria ameingia kwenye shina la nywele, na wewe kutwa umekalia kiti cha plastiki na jasho, hapo ngozi yasuguliwa mpaka yafunguka. Ukilikamua wausukuma usaha ndani zaidi, na ile ya kubandika chupa ya moto ndio kabisaa, watu wameungua. Chukua kitambaa safi, maji moto ya kuvumilika, liweke dakika kumi mara tatu au nne kwa siku, litalainika lipasuke lenyewe, kisha osha ulifunike. Likiwa kubwa au halipasuki nenda ukapasuliwe kwa ganzi, usaha ukitoka tu waskia umetua mzigo. Watu hutaka vidonge wakimbie kisu lakini dawa huenda na damu, na ndani ya dimbwi la usaha damu haifiki, kwa hivyo vidonge vitupu mara nyingi havilimalizi. Jipu la puani au mdomo wa juu usiliguse kabisa, mishipa ya pale yaelekea kichwani, muone daktari.

Sasa hii ya kurudi rudi ndio yanitia wasiwasi. Kapime sukari, usingoje. Kisha jua kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 ana huyu stafilokoka ndani ya pua na wala haumwi, ajishika pua, ajikuna, basi ashajipandikiza, kwa watu kama nyinyi kliniki huweza kuwapa mafuta ya kupaka puani na sabuni maalum ya kuogea. Na yakiwa ni ya kwapani na kinenani tu, yarudi pale pale na kuacha vishimo na makovu, uliza vizuri manake huenda si majipu ya kawaida.

*Nikivunja kapsuli nikamwagia ule unga kwa kidonda, si hukauka? (Majengo)*

Hukauka juu. Chini usaha uko pale pale waendelea na shughuli zake, na ngozi yaweza kupata aleji juu ya hayo. Na mara nyingi kapsuli yenyewe ni amoksilini, ya jamii ya penisilini, ambayo kwa stafilokoka wengi wa leo haifanyi kitu. Mwanasayansi Fleming aligundua penisilini 1928 kwenye sahani ya huyu huyu stafilokoka, lakini yule wa siku hizi ana kimeng'enya cha kuivunja. Daktari akiona ni yeye mara nyingi huandika flukloksasilini, nayo ni ya jamii ya penisilini lakini haivunjwi upesi na kimeng'enya hicho, yanywewa mara nne kwa siku tumbo likiwa tupu, umalize dozi, na kama penisilini imewahi kukudhuru useme kabla hujaandikiwa. Kununua kapsuli nne za kuonja pale chemisti, hapana.

*Mamangu ana sukari, mguu umevimba tangu juzi, wang'aa na wauma, lakini sioni wekundu. Twampaka mafuta ya karafuu. (Binti, Old Town)*

Binti yangu acha kupaka, mpeleke leo. Wekundu ule wa kwenye vitabu ni wa ngozi nyeupe, kwa weusi sisi waweza kuona pamekuwa kama zambarau au pameiva zaidi au usione kitu, kwa hivyo tumia mkono: gusa mguu huu gusa na wa pili, ulio mgonjwa utakuwa na moto. Moto, uvimbe, maumivu, mguu mmoja, hapo naogopa selulaitisi, bakteria yuko ndani ya ngozi na anatambaa. Kabla hamjatoka chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe ulipofika uandike na saa, daktari ataona unakimbia kiasi gani. Mguu uwe umeinuliwa. Muangalie katikati ya vidole, ile fangasi ya kuchubuka chubuka watu huidharau lakini ndio mlango wenyewe, ikiachwa mguu utavimba tena. Mguu mmoja kuvimba yaweza pia kuwa damu imeganda kwenye mshipa, sababu nyengine ya kutokaa nyumbani. Na akiwa atetemeka, achanganyikiwa, ngozi imekuwa nyeusi au malengelenge, au maumivu yamezidi kuliko kinachoonekana, hiyo ni emajensi, hospitali ya Coast General moja kwa moja, hata kama ni saa nane usiku.

*Nimekatwa na matumbawe mguuni, wenzangu wasema maji ya bahari ni dawa. (Mvuvi, Mtongwe)*

Ami, baharini mna bakteria wake wenyewe, wengine wabaya sana hasa kwa mwenye sukari au ugonjwa wa ini. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, toa vipande vyote vya matumbawe, uliza sindano ya pepopunda, na usirudi majini mpaka kifunge. Ukimwambia daktari kidonda mwambie na ulikatiwa wapi, dawa yaweza kuwa tofauti.

*Vipele vya kidevu kila nikitoka kwa kinyozi? (Kisauni)*

Mwambie asinyoe mpaka chini kabisa, aache kidogo, na mashine aisafishe kwa spiriti mbele yako. Vikitoa usaha pumzisha wembe mpaka vipone. Akikataa kusafisha, vinyozi Kisauni ni wengi.