Gereji ya Wasomaji: Turbo, sili na springi za Land Cruiser ya zamani

Nina pikapu Land Cruiser HZJ75 ya 1993, injini 1HZ. Napandisha saruji na mbolea kutoka Mombo kwenda Lushoto. Mlimani inachoka na kutoa moshi mweusi. Fundi anasema nifunge turbo. Nimsikilize? (Msomaji, Lushoto)

Bado. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa, na mara nyingi chanzo chake ni cha bei ndogo. Lushoto iko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa kiasi cha asilimia 13. Injini isiyo na turbo itapungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho hata ikiwa mpya, kwa hiyo sehemu ya uchovu huo si ugonjwa.

Anza na filta ya hewa na ya dizeli. Kisha peleka nozeli zote sita zikapimwe mashineni, na uulize kama kuna aliyewahi kukaza skrubu ya dizeli kwenye pampu. Wengi huikaza kutafuta nguvu, wanaishia kupata moshi. Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.35 hadi 0.45. Mkanda wa taimingi ukikaribia kilomita 100,000 badilisha, kwa sababu ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Mwisho pima kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa ndani ya silinda. Silinda zisipishane zaidi ya kilo 5 kwa sentimita ya mraba.

Angalia na tairi. Kama umetoa 7.50R16 ukaweka kubwa zaidi, umejiongezea uzito wa gia mlimani.

Yote yakiwa sawa na bado unataka turbo, jua unachogusa. Katika 1HZ, dizeli huanza kuwaka kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, na mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1. Toyota walipotaka turbo walitengeneza 1HD-T, inayopulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni kwa mgandamizo mdogo zaidi. Ukiisukuma sana 1HZ, joto hupasua hedi kati ya valvu na vile vyumba. Usizidishe bust (shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 0.5, na ufunge geji ya joto la moshi, kihisio chake kikae kabla ya turbo. Ikikaribia nyuzi 700 za Selsiasi, punguza mguu na ushuke gia. Asiyetaka kununua geji asinunue turbo.

Gurudumu la mbele kulia linavuja uji mweusi wa grisi na oili. Sili ilibadilishwa, ikavuja tena baada ya muda mfupi. (Msomaji, Dodoma)

Sili ya ndani ya ekseli inapitisha oili ya difu hadi kwenye nako, lile bakuli la chuma linalogeuka na gurudumu. Oili huyeyusha grisi, na sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, inabaki bila ulinzi.

Kabla ya kufungua chochote, kagua kipumulio cha difu. Kikiziba kwa tope, hewa ndani hupanuka kwa joto na kusukuma oili kupita sili yoyote, hata mpya. Na ukivuka mto difu ikiwa ya moto, inapopoa ghafla huvuta maji kupitia sili hizohizo. Kisafishe, kisha ukiongezee mpira mrefu hadi juu, karibu na injini.

Sasa fungua: kalipa, habu (soketi ya milimita 54), spindo, kisha vuta shafti. Washa za koni zigonge kwa shaba, usitumie nyundo ya chuma. Shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kingipini, pini ambazo nako hugeukia, za juu na za chini zisichanganywe, ziwekee alama. Pitisha ukucha pale sili inapokaa kwenye shafti. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu hapo, badilisha shafti.

Sivi jointi ioshwe hadi chuma kionekane, ipakwe grisi ya molibdenamu, na nako ijazwe robo tatu. Beringi za kingipini zikilegea, usukani hutetemeka vibaya ukipiga shimo. Kabla ya kurudisha shafti, sili za nje na tai rodi, vuta mkono wa nako kwa mzani wa ndoano: uanze kugeuka kwenye takriban kilo 3 hadi 6, na ulinganishe na kitabu cha gari lako.

Chesisi imeoza juu ya ekseli ya nyuma. Nibandike bati? (Msomaji, Kilwa)

Hapana. Chesisi huoza kutokea ndani, na bati juu ya kutu hufungia chumvi humo. Kata hadi chuma kizima kinacholia ukikigonga, chomelea chuma cha unene uleule, paka epoksi nje, na ndani pulizia nta ya kuzuia kutu.

Nimeongeza vipande viwili kwenye springi za nyuma, sasa breki zimekuwa dhaifu. Kuna uhusiano? (Msomaji, Arusha)

Upo, na ni wa hatari. Fuata ile fimbo nyembamba kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye vali ya breki chini ya chesisi. Vali hiyo hupima mzigo kwa urefu wa gari. Ukiinua nyuma, inadhani huna mzigo na kunyima magurudumu ya nyuma breki. Inua mshikio wa fimbo kwenye ekseli kwa kimo kilekile gari lilichopanda, kisha toa hewa kwenye breki zote. Tumia yu-bolti mpya, maana za zamani zimeshavutika, na uzikaze tena baada ya kilomita 500.