Saa ya babu imesimama, naweza kuitengeneza mwenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi kijana niko Morogoro, babu alipofariki niliachiwa Seiko 5 yake ikakaa kwenye droo kama miaka miwili hivi, juzi nikaitoa nikazungusha kile kidude cha pembeni weee mpaka vidole vinauma, haijai wala haitembei. Nimetamani nijifunze kutengeneza saa, sio biashara, ya kupotezea muda jioni tu. Nianzaje, na naweza kuanza na hiyo hiyo ya babu?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole ya babu. Kabla ya bisibisi, hebu geuza saa usome mgongoni, kuna namba ya alama nne, nyingine ina herufi katikati, halafu kistari. Ikiwa ni 7S26 au 7009 basi hata ungezungusha mpaka mwakani, hizo hazijai kwa kidole, kuna kibati kizito cha nusu duara ndani kinazunguka mkono ukitikisika ndo kinaijaza. Ilaze kiganjani, ipepete taratibu kama mchele, nusu dakika hivi, kisha weka sikioni. Nimeshaletewa "maiti" nyingi za namna hiyo, njaa tu.

Ikikataa, iache. Saa ya kwanza kila mtu anaiua, yangu mimi ilikuwa ya shemeji na tulinuniana muda mrefu. Nenda kwa fundi mwenye kile kimeza cha kioo pale sokoni, muombe akuuzie mashine mbovu ya saa ya kiume ya zamani ya kutia ufunguo, sio za kike zile mashine yake kama punje ya hindi utalia. Hiyo ifungue uirudishe, ifungue uirudishe, mpaka mkono uzoee. Vifaa: bisibisi mbili tatu nyembamba, kibano chenye ncha safi, lenzi ya kubana jichoni, sahani nyeupe ya kuwekea skrubu, na simu upige picha kila hatua maana skrubu zinafanana lakini urefu sio mmoja.

Pa kuwa makini ni springi kuu, ile inayojazwa ndo inaiendesha saa. Ikiwa bado imejaa halafu ukatoa ule uma mdogo unaozuia gia, zote zinafumuka kwa kasi na hapo jino au ncha ya gia inaweza kukatika. Kwa hiyo kwanza tafuta kikomeo kidogo kilichobana gurudumu la springi, kisogeze na ncha ya kijiti huku umeshika kidude cha pembeni, uachie kidogo kidogo kati ya vidole mpaka ilegee yote.

Mafuta ya cherehani hapana, yanatambaa kila mahali na baadaye yanaganda. Yapo ya saa, na unaweka tone ambalo bila lenzi hulioni.

Halafu sumaku. Kuna siku skrubu iliniruka kwenye mkeka, nikaitafuta na sumaku ya spika mbovu, nikaipata, nikafurahi, ila ile sumaku niliiacha mezani jirani na saa. Kesho yake saa inakimbia kama ina deni, kumbe ile springi nyembamba kama unywele imeshika sumaku, mizunguko yake imegandana.

Ukiirudisha hiyo mbovu ikapiga hata dakika tano, niandikie namba ya mgongoni mwa ya babu, tutaongea kuifungua.