Jibu: Namba ya gari kwenye filamu ya London ya 1978

Habari mkuu. Umeuliza kama gari lenye namba inayoanza na A, halafu tarakimu tatu na herufi tatu, lingeweza kuwa barabarani London mwaka 1978. Haiwezekani. Tazama kwanza herufi ya mwaka, yaani ile inayoonyesha gari liliandikishwa lini, iko upande gani wa namba: Uingereza ilianza kuiweka mwishoni 1963, ikaihamishia mwanzoni Agosti 1983, na A ndiyo ilifungua. Gari jipya la 1978 lingeishia na S, au T kuanzia Agosti. Ila gari jipya kubeba namba ya zamani si kosa, inaruhusiwa. Mimi niliwahi kubishana bure kwa hilo. Modeli siwezi kuitaja bila picha. Simamisha filamu pale taa za nyuma zinapoonekana, utuwekee hapa.