Kwaki Nzito Ndani ya Protoni: Kwa Wanaoanza Fizikia

Vijana mliomaliza kidato cha sita hapa Mtwara na kule Lindi, mnaojiandaa kuanza shahada ya fizikia, msiichukue kauli kwamba protoni ina kwaki tatu (kwaki ni chembe za msingi zinazounda protoni na nyutroni) kana kwamba ni orodha ya vitu vyote vilivyomo. Tatu ni baki la hesabu. Ukitoa idadi ya kwaki kinzani (zenye masi ileile lakini chaji kinyume) katika idadi ya kwaki, protoni hubaki na kwaki mbili za aina ya apu na moja ya aina ya dauni, na nyutroni apu moja na dauni mbili. Lakini kabla ya kutoa, ndani humo mna gluoni, yaani chembe zinazozishikamanisha kwaki, pamoja na jozi za kwaki na kinzani zake, zikiwamo za aina nzito zaidi: strenji na, kwa uchache, chamu.

Wanafunzi wangu hukwama kwenye chamu, nao wana haki, kwa kuwa masi yake ni takriban megaelektronivolti 1,270 (masi ikipimwa kwa nishati yake) ilhali protoni nzima ina 938: sehemu itazidije kizima? Tatizo ni kujumlisha masi kama magunia ya korosho kwenye mizani ya ghala. Hata zile kwaki tatu za protoni, zikijumlishwa, hazifiki megaelektronivolti 10. Masi iliyobaki hutokana hasa na nishati ya gluoni na mwendo wa kwaki. Protoni ni mseto wa hali nyingi za kikwantamu, na hali yenye jozi ya chamu ina uwezekano mdogo tu. (Maelezo kwamba nishati ya jozi hiyo "hukopwa" kwa muda mfupi siyapendi, maana humfanya msomaji adhani kwamba kanuni ya uhifadhi wa nishati huvunjwa.)

Tofautisheni pia chamu inayozalishwa gluoni inapogawanyika na chamu ya asili, yaani iliyo sehemu ya muundo wa protoni yenyewe, ambayo mwanafizikia Stanley Brodsky na wenzake waliipendekeza mwaka 1980. Mwaka 2022 NNPDF, kundi la watafiti wanaochambua muundo wa protoni, lilichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa chamu hiyo ya asili wa kiwango cha sigma 3 (sigma zikiwa nyingi, ni vigumu zaidi matokeo kuwa ya bahati tu), ilhali ugunduzi kwa desturi hudai sigma 5, na wachambuzi wengine hawajaridhika. Kwa hiyo katika ripoti zenu andikeni "ushahidi". Mkisoma michoro ya kiasi cha chamu ndani ya protoni, angalieni kwanza imechorwa kwa kipimo gani cha nishati, kwa sababu kipimo kikipanda, chamu itokanayo na gluoni huongezeka, hasa pale kwaki inapobeba sehemu ndogo ya momenta ya protoni, ilhali chamu ya asili hutafutwa pale sehemu hiyo inapokuwa kubwa.