Begi la skuli kwa kubebea droni: nianzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Niko Wete. Nina droni ndogo ya kukunja, rimoti yake, betri tatu, chaja na propela za akiba. Mabegi ya kamera bei yake siiwezi, nimenunua begi la skuli la mtumba. Huwa napanda daladala hadi Chake, na mara nyingine boti au ndege kwenda Unguja. Nijaze sponji ya godoro tu, au kuna zaidi ya hapo?

JIBU: Waalaykum salaam, kaka. Begi la skuli linatosha kabisa. Sponji ya godoro ndiyo isiyofaa. Vitundu vyake viko wazi, kwa hiyo inanyonya maji, na kwa unyevu wa pwani yetu haikauki sawasawa. Ikizeeka inamomonyoka unga wa njano, na unga huo ukiingia kwenye mota au kwenye shingo ya kamera utajuta.

Lakini kabla ya kufikiria povu, ligeuze begi ndani nje utazame mikanda ya mabegani inaposhonewa juu. Hapo ndipo mabegi ya bei rahisi yanapokatikia. Mara nyingi utakuta mstari mmoja tu wa uzi, umepita kwenye kitambaa chembamba kisicho na kitu nyuma yake. Daftari unaweza kuzibeba hivyo, droni hapana. Lipeleke kwa fundi viatu, si kwa fundi nguo, kwa sababu mwenye sindano nene na uzi wa nailoni uliopakwa nta ni yeye. Mwambie aweke ndani kipande cha turubai la lori, ukubwa wa kiganja, kisha ashone kisanduku na msalaba katikati, upitie mkanda, kitambaa na turubai kwa pamoja. Uzito ukigawanyika kwenye turubai, mshono hauchaniki. Kama fedha yako inatosha kazi moja tu, ifanye hii.

Sasa povu. Unalotaka ni lile ambalo vitundu vyake vimefungika: mikeka ya povu ya watoto ya kupachikanisha, au hata champali za zamani zilizooshwa vizuri. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo ukikandamize ndani ya kikombe cha maji, halafu ukitoe. Kikitoka kizito kinachuruzika, si chenyewe. Kikikauka kwa kufutwa na kitambaa, nunua.

Usiligandishe povu kwenye begi. Tengeneza sanduku la ndani linalotoka zima, ili begi uweze kulifua, na siku ukibadilisha droni usianze upya. Mgongo wa sanduku uwe wa plastiki ngumu. Dumu la mafuta la lita 20 linakupa ubao mzuri ukilikata ubavu. Kuna jambo moja hapa linawasumbua wengi: gundi ya viatu haishiki kwenye plastiki ya dumu, hata uikwangue. Toboa matundu pembeni kwa msumari wa moto, halafu funga povu kwa uzi kama unavyoshona mkeka. Povu kwa povu gundi hiyo inashika vizuri. Paka pande zote mbili, subiri mpaka usiposikia inanata kidoleni, ndipo ubandike. Kisha liache wazi usiku mzima harufu itoke. Povu jeupe la kwenye makatoni ya televisheni liepuke: linamomonyoka, na gundi hiyo inaliyeyusha.

Chini weka tabaka la sentimita mbili, maana begi huwekwa chini kwa kishindo kuliko unavyodhani, hasa konda akikuharakisha. Ukuta wa kugawa vyumba, sentimita moja inatosha. Chora droni ikiwa imekunjwa kwenye karatasi, kata povu kwa kufuata mchoro, lakini upande wa kamera uache nafasi tupu. Kifuniko cha kamera kiwepo siku zote, na povu lisikiguse. Droni ishikwe kwa mwili wake. Rimoti na chaja ndivyo vizito, viweke karibu na mgongo wako, si upande wa nje, la sivyo begi litakuvuta nyuma. Vijiti vya rimoti vifungue kama vinafunguka.

Betri nitazisema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndizo zenye hatari. Zisikae ndani ya sanduku la povu, povu linashika moto. Zishonee mkoba wake peke yake, unaobanwa kwa velkro kwenye mfuko wa mbele, uweze kuutoa kwa mkono mmoja. Faida ni mbili. Betri ikipata joto au ikianza kuvimba, unaitenga na vingine papo hapo. Na kwenye ndege betri za akiba zinatakiwa ziwe nawe, si kwenye mizigo, kwa hiyo begi likichukuliwa unabaki na mkoba tu. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 kwa betri. Zidisha volti kwa uwezo wake wa mAh, halafu gawa kwa 1,000: betri ya volti 7.7 yenye mAh 2,250 ni wati-saa 17.3, uko mbali na mpaka. Ziba ncha za shaba kwa utepe, na funguo wala sarafu zisiingie kwenye mfuko huo. Kama huruki siku kadhaa, ziache zikiwa na nusu ya chaji, wala usiliache begi juani, hasa likiwa jeusi.

Kuhusu mvua na maji ya chumvi botini, zipu ya begi hilo haizuii kitu. Chukua mwavuli uliovunjika, vua kitambaa chake, pindia ukingo upitishe lastiki. Umepata kifuniko kinachokaa sawasawa juu ya begi, na ukikikunja kinaingia mfukoni. Kwenye boti begi liwe mapajani.

Mfuko bapa wa mgongoni uachie nakala ya kibali chako cha kurusha, ndani ya plastiki. Kama bado hujakiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kiombe kabla ya kushona chochote.

Ukishapakia kila kitu, funga zipu, linyanyue begi sikioni ulitikise. Ukisikia kinachogonga, kitafute, ukijazie kipande cha champali hapo, ulitikise tena.